Masale Katika Makopo ya Rangi

Jumapili, 1 Desemba 1996

Dominika kapita leo akitoka sokoni Kwa Sadala. Dada yangu huyu hapiti bure. Kasema kaka Leodegar anakuja Krismasi kutoka Dar. Sawa, Krismasi nani haji? Lakini safari hii anakuja na fundi. Fundi! Wa nini? Dominika hajui. Au anajua na hasemi. Nilimkazia macho, akageukia kikombe chake.

Halafu mama, kana kwamba walipanga, akasema hapo hapo kuwa Krismasi hii mbuzi akishachinjwa na ukoo wote umekaa, atatamka nyumba hii anamwachia nani. Kasema amechoka kuzeeka na jambo moyoni.

Anamwachia nani? Hilo nalo ni la kuuliza? Mimi Wenseslaus ndiye kitindamimba. Hapa Kibosho nyumba ya baba ni ya mtoto wa mwisho, haina mjadala. Leodegar alikatiwa kihamba chake, shamba la migomba na kahawa, kule juu tangu baba yu hai. Mimi ndiye niliyebaki na mama Salvina, mimi na mke wangu Theopista, hasa tangu kiwanda kiliponipunguza kazini. Lakini Leodegar ana pikapu. Mtu akishakuwa na pikapu, mila anaziona ni maneno ya wazee tu.

Najua mchezo wake wote. Fundi atapima, atatikisa kichwa, atasema nyumba imechoka, ivunjwe. Itajengwa ya kisasa yenye choo cha ndani, na aliyejenga ndiye mwenyewe. Mimi nitasukumiwa kibanda cha uani, nilale na bomba la kupulizia kahawa.

Thubutu! Nyumba hii nitaipamba mwenyewe. Kwa mikono yangu, kwa vitu vya bure. Krismasi ikifika iwe inang'aa mpaka huyo fundi aone aibu kutoa futi yake mfukoni. Na mama akiangalia kuta hizi atajua mwenye nyumba ni nani.

Jumanne, 3 Desemba

Nilishuka Shirimatunda. Kuna bwana kule amemaliza kupaka nyumba yake mpya, nikasikia ana mabaki ya rangi ya mafuta. Nikamwomba. Akanipa yote! Hakuuliza hata naitwa nani. Tena akanisaidia kufunga makopo kwenye baiskeli. Kuna kitu. Maisha haya tuliyo nayo, nani anatoa rangi ya mafuta hivi hivi? Nilipandisha mlima nikisukuma baiskeli na kusimama kila kona, nafungua kopo, nanusa.

Ilikuwa rangi kweli. Krimu kidogo, nyekundu kidogo, kijani kidogo. Hakuna hata moja inayotosha ukuta. Hapo ndipo akili inapotakiwa. Nikazimimina zote ndoo moja na kukoroga. Ndani ya ndoo ilikuwa rangi nzuri kabisa, ya chai ya maziwa. Ukutani ikakauka ikawa rangi ya ini. Ini la mbuzi, bichi.

Mama alikaa kwenye kigoda chake akautazama ukuta muda mrefu. Kisha akauliza kama utaliwa na ndizi au na ugali.

Theopista kaniambia, mume wangu, tupake chokaa, chokaa ipo stoo tele, nyumba itakuwa nyeupe na safi. Nikamwambia chokaa ni ya vyoo na mashina ya miti. Akasema haya. Mwanamke anayeitetea chokaa namna ile ana lake jambo.

Jioni Rogath akasimama upande wake wa masale, ile mimea ya mpakani, akachungulia dirishani kwetu. Rogath ni jirani, vihamba vyetu vimepakana tangu enzi za baba zetu. Akaisifia rangi! Kasema hajawahi kuona rangi kama ile. Akauliza nimechanganya nini na nini. Nikamwambia ni siri ya nyumba. Siku Leodegar anakuja, Rogath naye awe na ukuta kama wangu? Hanijui huyo.

Alhamisi, 5 Desemba

Dari.

Chumba cha mbele hakijawahi kuwa na dari. Ukitazama juu unaona kenchi, na juu ya kenchi mabati ya tangu mkoloni, na kwenye mabati vitobo. Sasa, tangu wanunuzi binafsi waanze kuja na magunia yao, magunia yetu ya kahawa yamebaki stoo kulea panya. Nimeyakung'uta, nimeyaunga kwa sindano ya gunia, nimeyatandaza na kuyapigilia misumari toka pembe hadi pembe. Kisha nikayapaka chokaa. Theopista alinitazama nikipaka chokaa na hakusema kitu. Sikupenda namna alivyonyamaza.

Baadaye akasema. Kasema bati linavuja pale juu ya kiti cha marehemu baba, bora tuzibe bati kwanza ndipo tuje kwenye dari. Nikamweleza taratibu, kwa sababu ujenzi si kitu cha kila mtu: dari ndiyo kazi yake hiyo, kuficha panapovuja. Ukiziba kwanza, dari la nini tena?

Akaenda jikoni kwa mama. Nikasikia kicheko. Nikaingia ghafla. Wakanyamaza wote wawili, wanamenya ndizi, macho chini. Kuna kitu. Watu wanamenya ndizi maisha yao yote, lini imewachekesha?

Jumamosi, 7 Desemba

Moshi mjini. Nimekwenda kutazama mapazia ya mitumba, sikununua. Muuzaji alinikaribisha kwa furaha mno.

Lakini nilipata kitu kikubwa kuliko mapazia. Napita mbele ya hoteli moja ya wageni wanaopanda mlima. Barazani pamepangwa vyungu. Ndani ya vyungu kumepandwa nini? Masale! Masale haya haya yetu, yamesimama yameoshwa majani, na Wazungu wamekaa katikati yake wanakunywa soda. Nilisimama mpaka mlinzi akaja kuniuliza nina shida gani. Nikamwambia naangalia tu. Akanisindikiza kwa macho mpaka kona, kana kwamba mimi nataka kumwibia yeye.

Nimefikiri njia nzima. Nyumba yetu inataka kitu cha kumpokea mgeni barazani. Makopo ya rangi ninayo, yamebaki tupu. Na masale ninayo ya kumwaga! Mpaka wetu wote na Rogath ni masale, kutoka barabarani mpaka mfereji wa maji. Yamebanana yenyewe kwa yenyewe, hayapati hata hewa. Nikipunguza machache nitakuwa nimeyasaidia.

Najua watakachosema wazee. Sale haling'olewi. Sale ndilo mpaka, sale ndilo neno la baba aliyelipanda. Na mtu aliyekukosea akikujia na jani la sale amelifunga fundo, huna ujanja, unalipokea na yamekwisha, hata kama alikuchomea nyumba. Yote nayajua, nimezaliwa humu. Lakini mimi simkosei mtu. Mimi napamba.

Jumapili, 8 Desemba

Nilisema tumbo linaniuma. Theopista akaniuliza ni wapi hasa. Nikamwonyesha. Akasema jana lilikuwa upande wa pili. Jana sikuwa na tumbo! Anataka kunichanganya. Wakaenda Misa yeye na mama.

Rogath yuko kwaya, sauti ya nne, hawezi kutoka kanisani kabla ya baraka. Nikashuka na jembe. Masale yana mizizi, jamani! Nilitoka jasho la kweli, kwa hiyo kuhusu kuumwa sikuwa nimedanganya sana. Nikachagua yaliyonyooka. Mashimo nikayafukia na majani makavu ya mgomba juu yake. Ukisimama mbali huoni kitu. Ukisimama karibu unaona uwazi wa kupita ng'ombe.

Makopo yakajaa, nikayapanga barazani pande zote za mlango. Nilirudi nyuma mpaka kwenye mibuni nikatazama. Nilijisikia vizuri, nakiri. Ilikuwa hoteli ile ile, imepungukiwa soda tu.

Mama aliporudi aliniuliza masale nimeyatoa wapi. Nikasema mjini, kuna mtu anauza. Akainama, akachukua udongo wa kopo moja, akausugua vidoleni. Akasema udongo wa mjini unafanana sana na wa kwetu. Akaingia ndani kuvua kitambaa cha kichwa.

Jumanne, 10 Desemba

Rogath ameona.

Alisimama kwenye ule uwazi asubuhi nzima. Hakupiga kelele. Hakuniita. Mtu aliyeng'olewa masale ya mpaka halafu hapigi kelele? Alikuwa anaangalia chini, anaangalia kwetu, anaangalia chini. Akatembea kutoka mpakani kwenda upande wake akipima kwa hatua, akasimama kwenye mibuni yake ya mwanzo, akavua kofia. Anapima nini?

Mchana akaja na mkungu wa ndizi za mtori. Akampa mama shikamoo, mimi akanipa mkono. Kasema ni ndizi tu, zimekomaa, akaona atuletee. Rogath! Mtu ambaye mwaka jana panga lake tuliliazima siku moja akalifuata kabla halijakata kitu.

Nimemega ndizi moja nikamtupia kuku. Kuku akala. Nikamfuatilia yule kuku mpaka jioni, uani, migombani, mpaka kwa Rogath na kurudi. Hakufa. Sumu nyingine ni za pole pole. Theopista akapika mtori wakala yeye na mama mpaka wakakwangua sufuria. Mimi nilikunywa chai kavu. Harufu ilikuwa nzuri, sikatai.

Ijumaa, 13 Desemba

Sakafu. Saruji ya baba ilikuwa nyekundu ya kung'aa zamani, sasa imepauka. Rangi ya sakafu ya dukani siitaki, ile wanaichanganya na maji. Nimetengeneza yangu. Vipande vya mishumaa nimeviokota makaburini, vilibaki tangu siku ya marehemu wote. Nimeviyeyusha na mafuta ya taa, nikatia udongo wetu mwekundu niliouchekecha kwenye chujio la chai. Theopista ametafuta chujio leo kutwa. Nimemwambia huenda Rogath kalichukua.

Sakafu inang'aa! Haikauki, lakini inang'aa. Mama amepita na nyayo zake zimekuwa nyekundu mpaka kitandani. Aliniuliza mishumaa imetoka wapi. Nikasema imebaki. Akauliza imebaki kwa nani. Kwa nini watu wa nyumba hii wanauliza maswali kama polisi?

Jumapili, 15 Desemba

Leo nimeshinda vita. Niandike kabla sijasahau hata neno.

Baada ya Misa, tumekaa barazani katikati ya masale, mimi, mama na Theopista. Rogath anakuja. Amevaa koti lake la kwaya. Amenyoosha mikono yote miwili mbele, na juu ya mikono jani la sale, limefungwa fundo.

Mama akashusha kikombe chini.

Rogath alisimama hapo chini ya ngazi, hakukaribia zaidi. Akasema baba yake, Mungu amlaze, alisogeza masale yale msimu ambao baba yetu alikuwa amelazwa hospitali. Aliyasogeza kuja upande wetu. Mibuni ya mwanzo pale kwake ni ya kihamba chetu. Yeye alikuwa mtoto, aliona, na amenyamaza na jambo hilo mpaka nywele zimeingia mvi. Basi alipoona nimeanza kung'oa masale, tena bila ugomvi, bila kumwita balozi, alielewa kuwa nimejua yote na ninampa nafasi aseme mwenyewe. Akasema anashukuru kwa ustaarabu huo. Akasema turudishe mpaka ulipokuwa, mibuni ni yetu, na anaomba tumsamehe yeye na marehemu. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Mtu mwingine angeingia mtegoni hapo hapo. Mimi? Niliona yote kama mchana. Nikilipokea lile jani nimekubali kwamba masale nimeyang'oa mimi. Mbele ya mashahidi wawili! Kesho niko baraza la kata. Halafu nani duniani anakuja na miguu yake mwenyewe kurudisha mibuni? Na lile jani kalitoa wapi? Niligeuka nikaanza kuhesabu majani ya kwenye makopo yangu.

Alikuwa bado amenyoosha mikono. Nikatia mikono yangu mifukoni. Nikamwambia jani lake arudi nalo, mimi sijui habari za masale.

Theopista alijifunika mdomo kwa khanga. Rogath akatazama lile jani kama hajui tena ni kitu gani. Mama akainuka, magoti yake yale mabovu, akashuka ngazi bila fimbo, akamshika Rogath mkono na kumsindikiza mpaka njiani. Walisimama huko muda. Sikusikia walichosema. Nilijaribu kusogea, mgomba ukanizuia.

Mama aliporudi alinipita bila kunitazama. Na usiku huu uji wangu haukuwa na sukari. Lakini jani Rogath karudi nalo. Nimeshinda.

Jumatatu, 23 Desemba

Mama hajasema na mimi tangu siku ile. Akitaka kitu anamwambia Theopista aniambie, na mimi nimekaa pale pale nasikia.

Leodegar amefika. Pikapu imefunikwa turubai, na chini ya turubai kuna kitu kirefu. Nikauliza ni nini. Kaka akasema vitu vya mama. Fundi ni kijana wa Dar, anaitwa Lucky, ana kalamu sikioni. Sikumpenda.

Leodegar akavua viatu mlangoni kwa heshima. Soksi nyeupe. Alipofika kwenye kiti zilikuwa nyekundu. Akauliza hii ni nini tena. Nikamwambia ni sakafu ya kisasa. Akatazama ukuta, akauliza kama kuna mtu kachinja humu ndani. Utani wa watu wa Dar huo. Lucky yeye hakutazama ukuta wala sakafu, alitazama juu tu. Akatoa futi! Nikasimama mbele yake. Nikamwambia humu hakipimwi kitu mpaka mama atamke. Akamwangalia Leodegar, Leodegar akamwangalia mama, mama akamwambia Theopista aniambie nikae chini.

Wamekubaliana Lucky asubiri mpaka baada ya sikukuu. Nimeshinda tena. Ila masale yangu yanakuwa ya njano. Nadhani Rogath anayamwagia kitu.

Jumatano, 25 Desemba. Noeli

Niandike kwa mpango.

Misa, sawa. Mbuzi kachinjwa, sawa. Kisusio, ile supu ya damu, kimepikwa, mbege imetoka, ukoo wote umejaa uani chini ya migomba, na Rogath na watu wake wamealikwa na mama mwenyewe. Wageni wote waliyaona makopo yangu barazani. Wazee waliyapita wakiwa wamevua kofia, kama wanapita msibani.

Ikanyesha. Mvua ya ghafla, ya mlima. Watu wote wakakimbilia chumba cha mbele. Leodegar, kama kaka mkubwa, akakaribishwa kiti cha marehemu baba.

Mimi nilikuwa wa kwanza kuona. Dari juu ya kile kiti lilikuwa limeanza kufanya kitambi. Nikasema moyoni litahimili, gunia la kahawa linabeba kahawa, litashindwa maji? Kitambi kikakua. Lucky akasimama akaninong'oneza, mzee, hilo linakuja. Nikamwambia aache wivu.

Likaja. Yesu, Maria na Yosefu! Gunia, maji, chokaa, na nadhani panya mmoja, vyote juu ya Leodegar na suti yake ya kaki. Akabaki ameshika kikombe cha mbege, mweupe kutoka utosini hadi mapajani, na soksi nyekundu. Watoto walilia. Kisha Dominika akacheka, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kujizuia, hata padri msaidizi aliyekuja kubariki chakula.

Leodegar akafuta macho. Hakukasirika! Akasema ndiyo maana amekuja na mabati. Chini ya turubai ni mabati mapya, mama alimwagiza tangu masika kwa siri, kwa sababu alijua Wense akisikia ataanza kufikiri mambo. Lucky ni fundi wa paa. Alikuwa anapima paa. Na kuhusu nyumba, akasema mbele ya wote, nyumba ni ya Wense, mila haina ubishi, yeye ana yake Dar na inamtosha kwa matatizo. Alichotaka ni mama asilale akidondokewa.

Yaani ilikuwa yangu. Tangu tarehe moja ilikuwa yangu! Nilisimama nikafungua mdomo nitoe shukrani.

Mama akainua mkono. Akasimama, maji bado yanadondoka sakafuni. Akasema ni kweli, nyumba ilikuwa ya Wenseslaus, alikuwa amekwisha amua zamani. Lakini Jumapili ile sale lilikuja kwenye mlango huu na likarudishwa. Akasema marehemu mume wake alipokea sale hapa hapa kutoka kwa mtu aliyemwibia ng'ombe, akamkaribisha chakula. Katika nyumba hii sale halijawahi kukuta mikono iko mifukoni. Akasema hawezi kuiweka nyumba kwenye mikono ya namna hiyo. Sauti yake ilikatika kidogo hapo, na mimi nikatazama viatu vyangu.

Kisha akasema nyumba anamwachia Theopista. Wense atakaa humo kwa sababu ni mume wake.

Wazee wakasema ndiyo. Hakuna hata mmoja aliyekohoa! Theopista alilia. Rogath alikuwa mlangoni na kofia mkononi, na ndiye peke yake ambaye hakusema ndiyo.

Alhamisi, 26 Desemba

Sikulala. Asubuhi mama amesema na mimi kwa mara ya kwanza. Neno moja: Rogath.

Kwenda nitakwenda. Lakini nakwenda na nini? Kuomba msamaha kunataka sale. Nikaenda kwenye makopo yangu: yote yamekufa. Majani yameanguka, shina linavutika kama kitunguu kilichooza. Lucky akapita na mabati begani akasema nilipaswa kutoboa makopo chini, maji yamekosa pa kutokea. Hakuna aliyemuuliza.

Nikatazama masale ya mpakani. Mama alikuwa amehamishia kigoda chake pale pale, anachambua maharage, ananitazama.

Ikabidi niende kwa Rogath mikono mitupu, nimwombe jani la sale ili nimwombe msamaha. Niandikeje jambo kama hili? Nilisimama mlangoni kwake nikaona aibu mpaka masikioni. Nikasema shida yangu. Rogath hakucheka. Akashuka na mimi mpakani, akachagua jani zuri, pana. Nikashindwa kulifunga fundo. Akanifungia yeye. Akanipa. Nikampa. Akalipokea kwa mikono miwili na kusema yamekwisha, ndugu yangu.

Halafu akatoa la kwake, lile lile la Jumapili ile. Alikuwa amelitunza ndani ya kitabu cha nyimbo, limekauka, fundo bado lipo. Nikatoa mikono mifukoni nikalipokea. Sikujali nani ananiona. Tulikunywa mbege kibuyu kimoja, mama akiwa katikati yetu. Mchana tukapanda masale mapya kwenye mpaka wa zamani, mimi nachimba, Rogath anashikilia. Mibuni sasa iko kwetu.

Jumamosi, 28 Desemba

Paa limekwisha. Jana usiku mvua ilinyesha na hakuna kilichodondoka. Nililala macho nikisubiri.

Nimepata muda wa kufikiri. Kwa nini Rogath alisamehe haraka vile? Hata hakushika kiuno. Na ile mibuni, mtu anairudisha hivi hivi? Nimeikagua jani kwa jani. Haina ugonjwa. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi.

Na Theopista. Leo ameniomba kwa upole nivue viatu kabla ya kuingia. Nyumba yake! Amekoroga chokaa kwenye ndoo, Jumatatu anaanza kufunika ile rangi yangu. Chokaa! Tangu tarehe tatu anaitetea chokaa. Mtu alijua tangu tarehe tatu. Na kile kicheko cha jikoni je? Nilisema kuna kitu, sikusema?

Lakini mama bado yu hai, Mungu ampe maisha marefu, na aliyetamka anaweza kutamka tena. Pasaka ukoo unarudi. Yale mabati ya zamani yamebaki uani, nitayasimamisha yawe paa la baraza, baraza pana, la kupokea watu. Mama akiliona moyo wake utageuka. Na safari hii sifanyi makosa. Makosa nimeyajua: makopo yanatakiwa yatobolewe chini.

Yamebaki masale ya kutia ndani. Tuliyopanda juzi ni machanga, hayafai. Ila upande ule mwingine wa kihamba cha Rogath, kule anakopakana na watu wa chini, nimeona masale yamenyooka vizuri sana, na yamebanana.

Kesho Jumapili. Tumbo limeanza kuniuma.